UZI: Steringi aliyekataa kuuokoa ulimwengu. Hivi nani alimuuliza kama anataka?

#1 (mleta mada)

Wakuu, hili jambo limenikaa kichwani muda mrefu na leo nalimwaga lote, uzi utakuwa mrefu kidogo tuvumiliane.

Kuna aina moja ya steringi kwenye hadithi za kisayansi ambaye watu wengi hawampendi. Yule anayeitwa mbele za watu anaambiwa ni wewe, umechaguliwa, uhai wa viumbe wote uko mikononi mwako, na yeye anajibu sitaki, niacheni nirudi kwangu. Wasomaji wanamwita muoga, analialia, anatupotezea muda, si apande chombo twende vitani. Mimi nasema huyo ndo mtu pekee kwenye hadithi nzima aliyekaa akapiga hesabu ya kile anachoombwa. Wengine wote wameshamgawia kazi kabla hajafungua mdomo. Na hadithi nzuri za aina hii naziona zinafanana kwenye kitu kimoja, hazimsamehi haraka yule aliyemtwika mwenzake mzigo.

Tahadhari: nitataja miisho. Kama hujasoma na hutaki kuharibiwa utamu, ishia hapa.

Naanza na Luo Ji kwenye The Dark Forest ya Liu Cixin (2008) kwa sababu sijaona mwandishi mwingine aliyelibana suala hili kiasi kile. Wageni wanakuja kutoka nyota nyingine, safari yao ni ya karibu miaka 400, na tayari wana vifaa duniani vinavyosikia kila kinachosemwa na kusoma kila kinachoandikwa. Sehemu pekee wasiyoweza kuingia ni ndani ya kichwa cha mtu. Kwahiyo Umoja wa Mataifa unateua watu wanne, kila mmoja apange vita kichwani mwake peke yake, asimwambie yeyote, na chochote atakachoomba apewe bila kuulizwa kwanini. Watatu ni watu wazito, kuna aliyewahi kuwa waziri wa ulinzi wa Marekani, kuna rais wa Venezuela, kuna mwanasayansi wa ubongo. Wa nne ni Luo Ji, mwalimu wa chuo, mvivu, mtu wa starehe zake, hata yeye mwenyewe hajui kwanini jina lake limesomwa.

Anafanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya. Anakataa, anasema wazi kabisa kwamba haikubali hii kazi. Na wanamtabasamia.

Hapo ndo niliweka kitabu chini. Kwa sababu kazi yenyewe ni ya udanganyifu, kila anachosema kinaweza kuwa sehemu ya mpango, kwahiyo hata kukataa kwake kunahesabiwa kuwa ni mpango. Yaani jamaa amenyang'anywa neno hapana. Analitamka, linatoka mdomoni, na halina maana tena kwa mtu yeyote. Kufa anaweza kufa askari yeyote. Huyu amechukuliwa kitu ambacho hata mfungwa anabaki nacho, haki ya kusema sitaki na watu wakaelewa kwamba hataki.

Basi akaamua kula maisha. Akaomba nyumba sehemu nzuri iliyojitenga, akaomba atafutiwe mwanamke anayefanana na yule aliyekuwa anamuota, akapewa, wakazaa mtoto. Hakupanga vita yoyote. Wakubwa walipoona siku zinaenda wakamchukua mke na mtoto wakawalaza usingizi wa barafu, wakamwachia ujumbe kwamba atawakuta siku ya mwisho ya dunia. Hapo ndo alianza kufikiri kweli. Na kweli akapata jibu lililowasimamisha wale wageni, kutishia kutangaza angani nyota yao iko wapi ili viumbe wengine wawaangamize. Lakini angalia lilivyopatikana, kwa kumshika mtu pale anapopenda na kuminya.

Mwendelezo wake kwenye Death's End (2010) unauma zaidi. Luo Ji anakaa miaka 54 chini ya ardhi akitazama ukuta, kidole kiko tayari kubonyeza swichi itakayoziangamiza dunia zote mbili, maana amani yote inategemea adui aamini kwamba huyu mzee atabonyeza. Siku anakabidhi zamu anaambiwa anatuhumiwa kwa mauaji ya dunia nyingine, kwa sababu zamani alipojaribu silaha yake kuna nyota ililipuka na huenda ilikuwa na viumbe. Na dakika chache tu baada ya yeye kuachia swichi wageni wakashambulia. Watu aliowalinda nusu karne walikuwa wameanza kumwona ni zimwi.

Karibuni tujadili.

#2

Mkuu nimekusoma ila napingana. Tunaongelea uhai wa binadamu wote hapa. Mtu mmoja anakosa raha, mabilioni wanapona, hiyo hesabu mbona nyepesi sana? Lisilo budi hutendwa. Angekataa mpaka mwisho na wageni wakafika ungekuja kuandika uzi gani?

#3 (mleta mada)

Mkuu hapo juu, hesabu yako ni sahihi na ndo inanipa shida. Sijasema kazi isifanyike. Nasema kuna tofauti kati ya mtu kulipa na mtu kulipishwa, na tukishasema mabilioni wanapona tunajiona tumemaliza, hatumtazami tena yule mmoja usoni. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, sawa, lakini Mnyamwezi naye ana mgongo.

Mfano mwingine huu. Neon Genesis Evangelion, katuni ya Kijapani ya mwaka 1995, sehemu ya kwanza kabisa. Shinji ana miaka 14, baba yake alimtelekeza miaka, leo amemwita. Dogo anadhani labda mzee amemkumbuka. Anafika anakuta anaonyeshwa mtambo mkubwa wenye umbo la mtu, anaambiwa ingia upigane na lile dude linalobomoa mji. Anasema siwezi, sijawahi hata kukiona hiki kitu. Baba habishani naye. Anaagiza aletwe rubani mwingine, msichana mdogo kama yeye, na analetwa akiwa kwenye kitanda cha wagonjwa, amefungwa bandeji, hawezi hata kukaa. Shinji anamshika, damu inabaki mikononi mwake, anakubali. Watu wanasema pale ameonyesha ushujaa. Mimi naona mtu mzima amemwekea mtoto mizani yenye pande mbili, upande mmoja wewe, upande mwingine huyu anayevuja damu, chagua mwenyewe, halafu tunaita hiyo hiari. Na mfululizo ule wote uliobaki, sehemu 25, ni gharama ya siku ile. Anayesema Shinji analialia sana nadhani alitaka aangalie hadithi ya mashine zinapigana tu.

Sasa mkuu kwa swali lako, angekataa mpaka mwisho ingekuwaje, kuna mwandishi alilijibu. Andy Weir, Project Hail Mary (2021). Kuna vijidudu vinakula nguvu za jua, jua linafifia, dunia inaelekea kuganda. Ryland Grace ni mwalimu wa sayansi wa watoto. Anaamka ndani ya chombo mbali kabisa na dunia, hakumbuki kitu, wenzake wawili wamekufa usingizini. Kidogo kidogo kumbukumbu zinarudi, na wewe msomaji muda wote unajua huyu ni shujaa aliyejitolea, safari ni ya kwenda bila kurudi, mtu gani anapanda kama hajajitolea?

Halafu kumbukumbu ya mwisho inarudi. Alikataa. Siku chache kabla ya chombo kuruka, wataalamu waliopangiwa nafasi ile walikufa kwenye mlipuko, akaombwa yeye kwa sababu anaijua kazi na mwili wake unahimili usingizi mrefu. Akasema hapana, akalia, akasema anaogopa kufa. Mama aliyekuwa anaongoza mradi, Stratt, akaamuru achomwe sindano apakiwe chomboni, na akapewa dawa ya kumsahaulisha ili asije akaharibu kazi kwa hasira. Nampenda mwandishi kwa kitu kimoja hapa, Stratt hajifanyi mtakatifu. Anajua alichofanya ni kibaya na anajua mambo yakiisha itamlazimu kukijibia. Tofauti na wale wakubwa wa Luo Ji ambao hawakuona kama wanadaiwa chochote.

Sasa tazama kinachofuata. Mwishoni kabisa Grace amefanikiwa, ana mafuta ya kurudi nyumbani, atarudi akiwa shujaa. Akagundua rafiki yake, kiumbe wa sayari nyingine aliyefanya naye kazi, yuko hatarini huko angani na hajui, na watu wake wote watakufa. Akigeuza chombo harudi tena nyumbani. Akageuza. Hakuna sindano, hakuna amri, hakuna anayemtazama. Yule yule aliyekataa kufa kwa ajili ya binadamu mabilioni, alikubali kwa ajili ya mmoja anayemjua kwa jina.

Hapo mimi nilipata kitu. Ulimwengu haupendeki, ni mkubwa mno, hauna uso. Ukimwambia mtu akafe kwa ajili ya ulimwengu ni kama unamwambia akafe kwa ajili ya namba. Wanaokubali haraka wananitia wasiwasi zaidi kuliko wanaokataa.

#4

Uzi mtamu huu. Mleta mada mbona umeiruka Dune? Ukiongelea mzigo wa ulimwengu bila Paul Atreides, steringi wa kitabu hicho, hujaongea kitu. Na yeye anaivuruga hoja yako, kwa sababu alikataa kweli, na kukataa kwake kukawa na madhara makubwa.

#5 (mleta mada)

Mkuu nilikuwa naisubiri hii, na sijaiweka mwanzo makusudi kwa sababu ndo ngumu kuliko zote.

Paul tatizo lake ni kuona. Kwenye kitabu cha kwanza cha Frank Herbert (1965) anaanza kuona mbele, anaona majeshi yanayopeperusha bendera yake yakichinja sayari baada ya sayari, na kila njia anayoijaribu kukwepa inamrudisha pale pale. Mpaka inafika hatua anajua hata akifa sasa hivi vita vitaendelea kwa jina lake, labda kwa ukali zaidi. Kitabu cha pili, Dune Messiah (1969), kinatupa idadi, watu bilioni 61 wamekufa. Na wale waliokuwa wanashangilia mwisho wa kitabu cha kwanza wengi walikichukia hiki cha pili, maana Herbert aliwanyang'anya sherehe.

Ila unachosema wewe ni kile cha mbele zaidi. Paul aliona pia njia nyingine, ya kuwaokoa binadamu wasije wakafutika kabisa siku za mbeleni, na njia hiyo ilimtaka aache kuwa binadamu. Aligeuza uso. Akaingia jangwani kipofu akawaachia watu ufalme. Na ile njia haikuondoka, ilimsubiri mwanae. Leto akiwa mtoto wa miaka 9 ndo akaipokea, mwili wake ukaanza kugeuka dude la mchangani, akatawala kama miaka 3,500 akichukiwa na kila mtu kwa makusudi yake mwenyewe.

Kwahiyo ndio mkuu, kukataa kuna bei, na mara nyingi anayeilipa ni mwingine, tena mdogo. Hilo silikwepi. Lakini hebu angalia Paul amefikaje pale. Kuna kundi la akina mama wa siri walikuwa wanapandikiza koo kwa koo, vizazi na vizazi, ili azaliwe mtu wa aina ile. Kuna hadithi za masihi walizozipanda mapema kwa watu wa jangwani ili siku moja zimfae mtu wao. Mtoto amezaliwa ameshapangiwa, kiti kimeshawekwa, watu wameshafundishwa kumsubiri. Halafu tunamlaumu yeye kwamba hakuchagua vizuri. Yona alipokimbia angalau alikuwa na meli ya kupanda kwenda upande mwingine, Paul hakuachiwa hata bandari.

Na kama nimefika hapa ngoja nimtaje Ender, maana ndo anauma zaidi kwa umri wake. Ender's Game, Orson Scott Card, 1985. Anachukuliwa na jeshi akiwa na miaka 6, aandaliwe kuongoza vita dhidi ya viumbe wa anga. Wanampeleka shule ya angani, wanamtenga na wenzake makusudi, kila akipata rafiki wanamhamisha, kwa sababu wanataka ajue kwamba hakuna wa kumsaidia. Mwisho anapewa mitihani ya vita kwenye kompyuta, mmoja baada ya mwingine, halali vizuri, amechoka. Mtihani wa mwisho anaona ni wa uonevu mtupu, maadui ni wengi kupita kiasi. Anaamua avunje sheria zote, aipige sayari yenyewe, akiwaza kwamba wakiona alivyo katili hawatampa tena jeshi, watamwacha apumzike.

Mnaona hilo? Kile kitendo kilikuwa ndo kukataa kwake. Ilikuwa ni njia ya mtoto kusema nimechoka nifukuzeni. Na wakubwa nyuma yake wakaanza kulia kwa furaha na kushikana mikono, kwa sababu haukuwa mtihani, zilikuwa meli za kweli na watu wa kweli, na amekimaliza kizazi kizima cha viumbe. Luo Ji aliambiwa hapana yako haina maana. Ender hapana yake ilichukuliwa ikafanywa silaha. Anakuja kuishi akizunguka nyota kwa nyota, miaka 3,000 inapita duniani kwa sababu ya mwendo wa vyombo, yeye mwilini ni mtu wa miaka thelathini na kitu, amebeba kifukofuko chenye malkia wa mwisho wa wale viumbe anamtafutia pa kuishi. Hiyo kazi ya pili alijipa mwenyewe. Kama Grace vile.

#6

Aisee hiyo ya Ender sikuwahi kuiangalia hivyo. Swali langu, haya mambo ya mtu mmoja kubeba dunia yapo kwenye maisha halisi au ni ya vitabuni tu?

#7 (mleta mada)

Yapo ila huwa ni dakika chache na mtu hajui kama yamemfika. Stanislav Petrov, luteni kanali wa jeshi la Kisovieti, usiku wa tarehe 26 Septemba 1983 alikuwa zamu kwenye kituo cha kupokea taarifa za setilaiti. Mitambo ikasema Marekani imerusha kombora, kisha ikasema mengine manne. Kazi yake ilikuwa kupeleka taarifa juu, na huko juu wangekuwa na dakika chache tu za kuamua kama wajibu. Akapima, akaona mtu hawezi kuanza vita ya mwisho kwa makombora matano, na rada za ardhini hazionyeshi kitu, akaripoti kwamba mitambo imekosea. Na ilikuwa imekosea kweli, setilaiti zilidanganywa na mwanga wa jua kwenye mawingu ya juu. Baadae akakemewa kwa kutojaza daftari la zamu. Alikuja kutambuliwa miaka mingi baadae na kila akiitwa shujaa alikuwa anasema alifanya kazi yake tu.

Halafu kuna mfano wa upande wa pili, na kwa bahati tarehe ni ile ile, 26 Septemba, ila 2022. NASA waligongesha chombo cha DART kwenye kijiwe cha angani kinaitwa Dimorphos, kina upana wa mita kama 160, kuona kama tunaweza kusogeza jiwe siku likija letu. Kilikuwa kinazunguka jiwe kubwa zaidi kwa saa 11 na dakika 55, baada ya kugongwa ikawa saa 11 na dakika 23. Hiyo ni kazi ya kuilinda dunia kabisa, ile ya kwenye muvi. Na hakuna aliyechaguliwa tangu tumboni. Wahandisi, watu wa mahesabu, watu wa darubini nchi mbalimbali, kila mtu akafanya kipande chake akaenda kulala. Hakuna aliyenyang'anywa mke.

Ndo maana nikirudi vitabuni nawauliza wale wakubwa, hivi kweli hakukuwa na namna ya kuugawa huu mzigo? Mara nyingi ilikuwepo. Ila kumbebesha mmoja ni rahisi, na akikosea lawama zina pa kwenda.

#8

Mleta mada umetisha. Ila naomba kuuliza, sasa unataka waandishi wafanyeje? Maana steringi asipokubali hakuna hadithi.

#9 (mleta mada)

Akubali, ila akubali mbele yetu. Kinachonikera ni ile kukataa kwa dakika tano. Jamaa anasema siwezi kwenda nina kazi za mavuno, ukurasa unaofuata nyumba imechomwa, waliomlea wamekufa, basi hana tena sababu ya kubaki, anabeba begi. Star Wars ya 1977 ilifanya hivyo na ilifanya vizuri, sibishi, lakini waliofuata wamegeuza kuwa njia ya mkato. Ukichoma nyumba umemwondolea mhusika swali, hujamfanya alijibu. Mimi nataka nyumba ibaki imesimama, waliomlea wapo wazima, mlango uko wazi kabisa na anaweza kurudi, halafu tuone anafanya nini.

Na akisema hapana mpaka mwisho, mwandishi awe na moyo wa kutuonyesha nani mwingine aliinuka.

#10

Mkuu kwa sisi ambao hatujasoma hata kimoja tuanze na kipi?

#11 (mleta mada)

Project Hail Mary, kinasomeka haraka na sayansi yake inaeleweka hata kama shuleni fizikia ilikupita. Ukimaliza nenda Ender's Game, nacho kinasomeka haraka. Dune ukikianza usiishie cha kwanza, nenda mpaka Messiah la sivyo utaondoka na picha ambayo mwandishi hakuitaka. Cha Luo Ji ni cha pili kati ya vitatu, kwahiyo lazima uanzie The Three-Body Problem, na nusu ya kwanza ya The Dark Forest inaenda taratibu sana, wengi wanaachia hapo Luo Ji anapokula starehe kwenye ile nyumba wakidhani mwandishi amepotea. Usiachie hapo.